Kumaliza Baldur's Gate peke yako, bila pati, mtu mmoja tu hadi kwa Sarevok, adui wa mwisho

Baldur's Gate ya kwanza, gemu ya kuigiza mhusika (RPG), BioWare waliitoa 1998, ila wengi siku hizi tunacheza ile Enhanced Edition ya Beamdog ya 2012 ambayo ipo hadi kwenye simu. Gemu imejengwa kwa pati ya watu sita, yaani mpiganaji mbele, mchawi nyuma, mwizi wa kutegua mitego, kuhani wa kutibu, na huko njiani kila ukigeuka kuna mtu anataka kuungana na wewe. Sasa mwongozo huu ni wa kuwakataa wote. Unaanza peke yako unamaliza peke yako, na inawezekana kabisa bila kudanganya gemu, tena bila kuwa mtaalamu wa kutisha, ila lazima ubadilishe unavyofikiria.

Watu wengi wakisikia solo wanawaza nguvu, wanatafuta mhusika anayepiga sana. Sio hivyo. Ukiwa na pati na mmoja wenu akapigwa Hold Person akaganda, wengine watano wanamkinga mpaka uchawi uishe. Ukiwa peke yako ukiganda hakuna wa kukukinga, na aliyeganda hakoswi, kila pigo linaingia, kwa hiyo hata vikobold vya kijinga, vijitu dhaifu kabisa, vitakumaliza ukiwa unaangalia tu skrini. Kwa hiyo kabla ya kila vita swali ni moja tu, hapa kuna kitu gani kitakachonifanya nisiweze kusogea? Kugandishwa, kulala, kuogopa na kukimbia ovyo, kutekwa akili, kugeuzwa jiwe. Ukishajibu hilo, upanga utafanya kazi yake wenyewe.

Elewa XP kwanza

XP ni pointi za uzoefu zinazokupandisha leveli, na ya kuua inagawanywa kwa idadi ya watu kwenye pati. Mko sita mnagawana sita, uko peke yako unabeba yote. Ndio maana solo inaanza kama mateso, leveli ya kwanza mpaka ya tatu mbwa mwitu tu anakupeleka ahera, halafu ghafla katikati ya gemu unakuwa mkubwa kuliko kila unayekutana naye. Lakini kuna dari. XP inaishia 161,000 na ukifika hapo huongezeki tena. Fighter wa kawaida anahitaji 125,000 kufika leveli ya 8, na ya 9 inataka 250,000, kwa hiyo leveli 8 ndio mwisho wake. Wewe utaigusa hiyo dari mapema sana, pengine hata mji wenyewe wa Baldur's Gate hujaumaliza, na kuanzia hapo maadui wanaendelea kuwa wagumu wakati wewe umesimama palepale. Kumbuka hilo maana ndio sababu ya kutunza vitu, nitarudi huko chini.

Hatua ya 1: mhusika

Kama ni mara yako ya kwanza solo, chukua Dwarf Berserker, yaani mbilikimo mpiganaji mwenye hasira, na usibishane na mimi. Berserker ana ile Rage, ukiibonyeza basi kwa muda huo hashikwi na Hold, hatekwi, haogopi, halali, hachanganyikiwi, yaani lile swali letu limejibiwa kwa kitufe kimoja. Mwanzoni unayo mara moja kwa siku halafu zinaongezeka kadiri unavyopanda. Ikiisha unachoka kidogo na unapungua makali, kwa hiyo usiiwashe kwa ajili ya wahuni watatu wa barabarani. Na dwarf mwenye Constitution kubwa anapata bonasi kwenye saving throw (kete ya kuukwepa uchawi), uchawi mwingi unampita hivi hivi.

Ukitaka raha zaidi kuna Fighter/Mage/Thief wa half-elf. Huyu ana kila kitu, anajificha, anategua mitego, anafungua makufuli, anaroga, anapiga, lakini XP yake anaigawa mara tatu ndani ya mwili wake mwenyewe na mwanzo wake ni mchungu kweli, HP (uhai) kidogo halafu akivaa zirha (vazi la vita) uchawi unakataa. Kwa mtu wa mara ya pili huyu ni bora kuliko Berserker, hasa ukifika Durlag's Tower ambako mitego inaua watu kuliko majini yaliyomo. Paladin aina ya Inquisitor naye yuko vizuri, hatekwi wala hagandi na anafuta uchawi wa wenzake kama hana akili nzuri. Sorcerer anawezekana pia, mimi simpendekezi kwa anayeanza, HP nne za leveli ya kwanza ni maombi tu.

Kwenye kurusha namba za uwezo usiwe na haraka, rusha mpaka upate jumla ya kueleweka. Dexterity 18 ni lazima kwa yeyote, inashusha AC yako (kinga ya kutopigwa) kwa nne na kwenye gemu hii AC ikishuka ndio nzuri, wageni huwa inawachanganya. Constitution juu kabisa. Kwa mpiganaji Intelligence na Wisdom kata bila huruma. Charisma usiiue yote maana bei za madukani zinaitegemea na wewe peke yako ndio mnunuzi.

Hatua ya 2: mipangilio kabla hujatoka

Hapa watu wanaruka halafu wanalalamika. Nenda kwenye auto-pause, washa isimame ukiona adui, ukipigwa, na mtu akianza kuroga. Raundi moja ni sekunde sita, kwa mtu wa pati akichelewa sekunde mbili sio tatizo, kwako ni maisha. Halafu tafuta ile sehemu ya kupewa HP kamili kila ukipanda leveli, iwashe, kuna watu watakuambia ni uoga, achana nao, wao wana pati. Ugumu weka Normal au Core Rules, Story Mode ile hufi kabisa kwa hiyo solo inapoteza maana.

Na sevu. Mhusika mkuu akifa gemu imeisha, hakuna wa kukubeba hekaluni ukafufuliwe. Sevu kabla ya kila mlango, kwa majina tofauti, sio quicksave moja unayoiandika juu kwa juu mpaka unasevu ukiwa tayari umeshikwa. Na kama kwenu umeme ni wa kukatika katika na unatumia kompyuta ya mezani, mara mbili zaidi.

Hatua ya 3: Candlekeep na ile asubuhi ya kwanza

Candlekeep, pale gemu inapoanzia, fanya kazi zote ndogo ndogo, panya wa Reevor, dawa ya ng'ombe wa Dreppin, vitabu, wote hao. Ni XP kidogo lakini hapo ndipo pekee pasipo na hatari kubwa. Kuna wauaji wawili wamejificha kwenye vyumba, Shank na Carbos, ni wepesi, wachape uchukue vitu vyao. Pesa yote usimalizie kwenye zirha, nunua silaha ya kurusha na mishale au mawe ya kutosha. Berserker hawezi kubobea kwenye silaha za mbali ila pointi moja anaweza kuweka, na hiyo moja itakuokoa.

Gorion, mlezi wako, akishauawa usiku, asubuhi Imoen rafiki yako wa utotoni anakuja mbio. Mkatae, najua inauma. Mbele kidogo kwenye barabara yuko Xzar na Montaron, wakatae pia kwa upole, hawakupigi. Faida ndogo ya solo, ile sauti ya kukuambia ukusanye kwanza pati yako kabla ya kutoka eneo hutaisikia tena maisha yako yote.

Hatua ya 4: Tarnesh pale ngazini

Huyu ndio mtihani wa kwanza na wengi wanafia hapa. Kwenye nyumba ya wageni ya Friendly Arm Inn ukikaribia ngazi anakuja mtu anakuuliza uliza maswali, ndiye Tarnesh, mchawi kaletwa kukuua. Anajizungushia vivuli vya Mirror Image halafu anapiga Horror, na Horror ndio ile ya kukufanya ukimbie ovyo huku anakuchapa Magic Missile mgongoni. Kama ni Berserker, washa Rage kabla hujamsogelea, maliza. Kama sio, siri ni walinzi wa pale. Sio pati yako lakini akianza fujo wanamvaa, kwa hiyo usisimame ngazini kupambana kishujaa, rudi nyuma atoke akufuate kwenye uwanja walipo walinzi, na wewe ukipata nafasi mrushie kitu akiwa katikati ya kuroga, akiumia uchawi unakatika.

Wauaji wa namna hii wako wengine. Neira yuko ndani ya nyumba ya wageni ya Nashkel, na Karlat yuko Red Sheaf pale Beregost. Hakuna anayekulazimisha kuingia huko ukiwa leveli ya kwanza, rudi baadaye ukiwa umeshiba.

Hatua ya 5: kukua haraka

Hii ndio sehemu tamu na ndio inayoamua kama utaendelea au utafuta gemu. Usifuate hadithi bado. Hadithi inakuita migodini Nashkel, wewe nenda Nashkel kweli lakini sio kwa ajili ya migodi. Kwenye mashamba ya kijiji kile kuna Ankheg Plate Mail imefukiwa, bure, hailindwi na mtu. Ni zirha ya AC 1 na ni nyepesi kwa kiwango chake. Sehemu yenyewe ni ndogo sana, pitisha kidole au mausi taratibu shambani mpaka alama ibadilike. Njia kuu kupitia Beregost ina usalama wa wastani, ukiona kitu usichokielewa kimbia, hakuna wa kumwacha nyuma.

Ukishavaa hiyo, mashariki ya hekalu la Beregost kuna bustani ya Mutamin imejaa basilisk, mijusi wakubwa. Basilisk mdogo anakupa XP 1,400 na yule mkubwa 7,000. Fikiria, fighter anafika leveli ya pili kwa 2,000, basilisk wawili tu umevuka. Lakini wanageuza mtu jiwe kwa kuwaangalia, na jiwe kwa solo ni gemu ova palepale, kwa hiyo rudi kwenye lile swali. Jibu ni Protection from Petrification, ipo kama skroli na kama uchawi wa leveli ya kwanza wa mage, au dawa ya Mirrored Eyes. Bila hivyo usikanyage huko hata kwa kuchungulia. Ukiwa nayo hesabu muda, ikikaribia kuisha ondoka eneo la vita kabla haijaisha, sio baada ya kuua mmoja wa mwisho mwisho. Pale pale kuna ghoul (maiti hai) anaitwa Korax, ukibahatika kwenye mazungumzo anajitolea kukusaidia kwa muda, na mguso wake unagandisha basilisk huku yeye mwenyewe hageuki jiwe. Kuna ubishi kama kumtumia Korax kunaharibu solo, mimi naona ni halali kabisa, hajaingia kwenye pati. Mutamin mwenyewe ni mchawi yuko humo ndani, na kuna kikundi cha wasafiri wanne wa kina Kirian wenye shari, hao waache mpaka ukue.

Ukitoka hapo kaskazini ya Friendly Arm kuna ankheg, wale wadudu wakubwa wa kutoka ardhini, XP 975 kila mmoja. Wanatema asidi na wanauma kweli, ila hawana cha kukugandisha, kwa hiyo ni mahesabu ya HP tu, ua mmoja, rudi nyuma, kunywa dawa, rudia. Magamba yao Taerom fundi chuma wa Beregost ananunua bei nzuri, lakini ni mazito, peke yako hutabeba mengi.

Mzigo kwa ujumla ni shida ambayo watu hawaisemi. Una nafasi kumi na sita tu na mgongo mmoja. Acha kuokota kila upanga mbovu, chukua vito, pete, skroli, dawa na fimbo za uchawi, basi.

Hatua ya 6: akiba ya vitu vya majanga

Sasa turudi kwenye ile dari ya XP. Ukishaigusa, kinachokuongezea nguvu ni vitu, sio leveli. Kuanzia mwanzo usinywe ovyo Potion of Clarity, hiyo ndio inakulinda na kutekwa, kuogopa na kuchanganyikiwa. Skroli ya Protection from Magic tunza kwa ajili ya wachawi wakubwa, mpiganaji akijisomea hiyo mchawi anabaki kuwa mzee aliyevaa kanzu. Protection from Undead vilevile ina siku yake. Fimbo ya Monster Summoning (ya kuita viumbe) na Wand of Fire (ya moto), kama aina ya mhusika wako inaruhusiwa kuzitumia, nunua hata kama bei inatisha, pesa huna wa kugawana naye.

Viumbe vya kuita ndio pati yako ya dakika mbili. Waite kabla ya kona, watangulize, wachawi wa adui watamaliza uchawi wao mzuri kwa hao viumbe na wewe unaingia wao wakiwa watupu. Na Wand of Fire inatumika vizuri zaidi ukiwa mbali, rusha Fireball pembezoni mwa unapoona, rudi nyuma, subiri anayekuja.

Hatua ya 7: migodi, halafu Cloakwood

Migodi ya Nashkel itakuwa nyepesi kwa sababu umeingia ukiwa mkubwa. Angalia tu wale kobold wa mishale ya moto, na Mulahey kule chini ni kuhani, Hold Person anayo, Rage au Potion of Freedom kabla ya kuongea naye. Wakati wa mazungumzo ataita mifupa na kobold, wapuuze mpige yeye.

Cloakwood ndio chukua muda. Kwenye msitu wa buibui utaenda mpaka pango la Centeol, njiani mitego ya utando na buibui wa sumu, beba Antidote nyingi kuliko unavyodhani. Ndani kuna maiti yenye upanga wa mikono miwili unaitwa Spider's Bane, na upanga huo ukiushika unapata Free Action, yaani utando haukushiki na Hold haikugandishi. Kwa mtu wa solo hii ni silaha bora kuliko panga nyingi zenye namba kubwa. Kama mhusika wako anaroga, fungua Web juu ya kundi zima halafu tembea katikati yao taratibu ukichinja waliogandwa, sasa zamu yao kujua inavyouma.

Mlangoni mwa mgodi wa Cloakwood wanakusubiri Drasus na wenzake watatu, wawili wachawi. Fireball mbili tatu kutoka mbali au viumbe vya kuita mbele, anza na wachawi. Drasus amevaa Boots of Speed. Vua vaa, na kuanzia dakika hiyo gemu imebadilika, huna haja ya kupigana na mtu yeyote asiyekukamata, piga mshale kimbia piga kimbia. Davaeorn kule chini kabisa ni mchawi wa kuruka ruka huku na huku, skroli ya Protection from Magic moja itumie hapo bila kuionea huruma.

Hatua ya 8: jumba la wakuu

Mjini kazi nyingi utafanya bila shida, ila hapa ndipo solo inapobanwa kuliko hata kwa Sarevok. Ndani ya Ducal Palace doppelganger, viumbe wanaojigeuza sura za watu, wanajifichua na kuwavaa viongozi wa mji, na inabidi angalau mmoja kati ya Duke Belt na Liia Jannath abaki hai, wakifa wote umeshindwa. Umezoea kujilinda wewe tu, kukimbia, kuvizia, leo hiyo yote haikusaidii maana hawakutaki wewe. Kabla hujaingia jaza quick slot, dawa ya kasi, fimbo ya kuita viumbe, na silaha ya karibu mkononi. Wakati watu bado wanahutubiana wewe jisogeze usimame karibu kabisa na ma-Duke, vita ikianza kunywa kasi, ita viumbe pale pale miguuni mwao, halafu ua wale waliomgusa Duke kwanza, walio mbali waache waje. Chagua Duke mmoja kichwani mwako mlinde huyo. Ukijaribu kuokoa wote wawili mara nyingi unakosa wote. Sevu ya nje ya jumba usiiguse.

Hatua ya 9: Sarevok

Yuko hekaluni chini ya mji na Semaj, Angelo na Tazok. Habari njema ni kwamba Sarevok akifa gemu imeisha hata kama hao wengine wako hai, kwa hiyo lengo ni mmoja. Sakafu ya katikati ina mitego, usipite katikati kama umeitwa harusini. Kama una mwizi jifiche utangulie kukagua, kama huna zunguka pembeni.

Ingia kidogo mpaka wakuone, rudi nyuma karibu na mlango, waje kwa zamu badala ya wote wanne. Mishale ya Dispelling mpige nayo Sarevok na wachawi wake, inawavua kasi na kinga zote, na hii mishale kama uliimaliza kwa majambazi wa barabarani sasa utajua kwa nini nilisema tunza. Skroli ya pili ya Protection from Magic kwa ajili ya Semaj, Rage kwa yanayobaki, dawa za nguvu na za ulinzi kunywa zote kabla ya mlango, hakuna kesho ya kuziwekea. Kwa viatu vya Drasus mzungushe Sarevok, ukiona amejitenga na wenzake simama umpige, wakimfikia ondoka tena.

Ukimaliza, usifute ile sevu ya mwisho, mhusika yule yule anaingia Baldur's Gate II na XP zake. Kule ukifungua macho umo kwenye ngome ya Irenicus, adui wa kule, na Jaheira na Minsc wako kwenye vizimba pembeni yako, unaweza kuwaacha humo humo. Ila kabla hujafika kwa vampire tafuta kinga ya level drain, maana kule hawakugandishi tu, wanakunyonya leveli zako ulizozitafuta huku juu moja baada ya nyingine.